Kiti cha Mwene Kimekwenda Harusini

Ukitaka kujua mtaa wenu una vitu gani, usimwulize mwenyekiti wa mtaa wala watu wa sensa. Anzisha igizo. Kabla wiki haijaisha utajua nyumba ipi ina kabati la vioo, nani alirithi stuli ya miguu mitatu kwa bibi yake, nani ana zulia ambalo halijawahi kukanyagwa, na nani hasa, kati ya wale wote wanaosema hawana, ana ngazi ndefu. Hayo nimeyajua hapa kwetu Sumbawanga, ambako mimi ni mtu wa mandhari katika kikundi cha vijana na kwaya kinachoonyesha maigizo ya kuimba kila baada ya mavuno. Tunasubiri mavuno kwa sababu ndipo watu wana hela ya kiingilio, na ndipo wanapopata muda wa kuazimwa vitu.

Kikundi hakina stoo. Kila kinachoonekana jukwaani ni cha mtu, na mwenyewe yupo. Hilo vitabu vya sanaa za maonyesho havikuambii: mwenye kiti haazimishi kiti tu, anakuja nacho. Anafika kabla ya waigizaji, anakaa mstari wa mbele, na saa mbili nzima haangalii igizo, anaangalia kiti. Watu watakufa, wataoana, watasalitiana, yeye macho yake yako kwenye mguu wa nyuma uliogundishwa Krismasi iliyopita.

Mama mmoja alituazimisha vikombe vyake vya udongo, vile vya kukaa kabatini vikisubiri askofu. Kwenye tukio la msiba binti alitakiwa aangushe kikombe anapopewa habari, na tulikuwa tumemwandalia cha plastiki kilichopakwa rangi. Mikono ikachanganya. Kabla kikombe hakijafika chini, sauti ikatoka mstari wa mbele: "We mtoto! Na hicho ni cha mama mkwe!" Binti akakidaka hewani, akaendelea kulia. Ukumbi ulishangilia dakika nzima. Onyesho la pili watu walikuja wakisubiri hapo, na tulipotumia kikombe cha plastiki walitaka warudishiwe kiingilio.

Kazi hii sikuiomba. Nafundisha jiografia sekondari, na kamati ilipokaa kugawana majukumu, mwenyekiti alisema anayejua milima inavyotokea ndiye aijenge. Wote wakaitikia. Mwalimu wa historia, aliyekuwa amekaa karibu yangu na ambaye ndiye aliyeleta wazo la igizo lenyewe, aliitikia kwa nguvu kuliko wengine.

Igizo lilikuwa la hapahapa: Mwene Ntatakwa, mtawala wa Milansi, na wale wanawake watatu wageni. Wazee wana namna zao za kuisimulia habari hii, na Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, aliiweka kwenye kitabu chake A State in the Making cha mwaka 1981. Kwa ufupi, Mwene yuko mawindoni. Wanawake watatu wageni, Watwaci, wanaingia Milansi, wanakikuta kiti cha utawala, wanakikalia. Mwene anarudi na mawindo yake, anakuta kiti kina mtu. Utawala wa Ufipa unahamia kwa wageni na yeye anaachiwa Milansi yake. Mwalimu wa kwaya akalitungia nyimbo za sauti nne, halafu akaniletea mahitaji yake kwenye karatasi ya daftari: msitu wa mawindo, tanuru la chuma, kiti cha enzi.

Msitu! Anayeujua uwanda wa Ufipa ameshacheka. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kilichopo huku juu ni nyasi, upepo, matuta ya ntumba na mbingu pana. Miti iliyosimama ni mikaratusi ya watu, na kila mmoja una mwenye nao anayejua urefu wake. Msitu wa Mbizi upo, lakini ni hifadhi, na mbega wekundu wanaokaa mle wana haki nao kuliko kwaya yetu. Mbao za mbili kwa nne tuliuliza bei, tukashukuru, tukaondoka. Tukaishia kwenye mabanzi, ambayo wapasua mbao wanakuachia ukiwasaidia kuzoa maranda, na mirunda tuliyoazima kwa fundi aliyekuwa anasubiri saruji ya kumwaga zege. Fundi huyo alikuja kila jioni kuhesabu mirunda yake. Hakuwahi kuuliza igizo linahusu nini.

Kabla ya kugonga msumari wa kwanza nilitaka tuwe na ramani. Nilikuwa nimesoma habari za Kamiriithu, kule Limuru nchini Kenya, ambako mwaka 1977 wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2,000 ili waonyeshe Ngaahika Ndeenda, igizo la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ lililojaa nyimbo. Vijana wa kule walianza kwa kupanga njiti za kiberiti ardhini, wakatengeneza mfano mdogo, ndipo wakajenga. Serikali iliuvunja ukumbi ule mwaka 1982, lakini sikuona njiti zilikosea wapi. Nikanunua kiberiti, nikaipanga Milansi yote juu ya meza ya jikoni ya ukumbi: nyumba ya Mwene, uwanja, lango, njia ya kwenda mawindoni. Nikatoka kumwita seremala. Huku nyuma mama aliyekuwa anapikia semina akahitaji kuwasha jiko la mkaa, na ukuta wa mashariki wa Milansi ukaenda kuchemsha maharage. Seremala alipofika akaisoma ramani kama alivyoikuta, akajenga kama alivyoisoma. Ndiyo maana mji wetu haukuwa na ukuta upande wa kulia, na watazamaji wa upande huo walilipa kiingilio kilekile wakaona na waigizaji wakibadili nguo.

Mbingu tuliishona kwa viroba vya mbolea. Msimu wa kupanda ukipita kila nyumba huku ina viroba vitupu, na hiki ndicho kitu pekee ambacho watu walitupa bila kutaka kirudi. Tukavifua, tukavipasua, fundi cherehani akaviunga kuwa shuka moja la upana wa jukwaa, tukalipaka chokaa iliyochanganywa na bluu ya kufulia. Likiwa bichi lilikuwa mbingu hasa, mbingu ya Julai ya Ufipa isiyo na wingu. Lilipoanza kukauka, maandishi yakaanza kurudi. Juu ya mlima wetu wa jukwaani, Itweelele, katika zama ambazo hakuna aliyekuwa na kalenda, yakatokea maneno UREA 46% N. Kushoto, KILO 50. Juu kabisa ya paa la Mwene: HIFADHI MAHALI PAKAVU. Tukapaka mara nyingine, na maandishi yakatulia kwa siku kadhaa, yakasubiri onyesho.

Sasa hadhira yetu ni wakulima wa mahindi. Mwene anapoinua mikono kuomba ishara kwa waliotangulia, ukumbi wote uliinua macho pamoja naye, na ishara ilikuwepo. "Anaambiwa aweke Urea!" mtu akasema kutoka nyuma. Mwingine akamjibu kwamba Urea ni ya kukuzia, Mwene aanze na DAP ya kupandia. Wa tatu akasema ardhi ya Milansi haitaki DAP. Mwene bado kainua mikono. Bwana shamba mmoja aliyekuja na familia yake kwa mapumziko ilibidi asimame atoe ufafanuzi, na ninaamini ni mara ya kwanza kwa mizimu ya Ufipa kusaidiwa na ofisa ugani.

Upepo ndio uliokuwa mkosoaji wetu mkali. Ukumbi una madirisha yanayosubiri vioo tangu ulipojengwa, na alasiri za Julai upepo wa uwandani huingia humo ukipiga shuka lile, ukaligeuza tanga. Misumari ikang'oka, mirunda ikalia. Tukawaweka vijana wawili wenye miili nyuma ya mbingu waishikilie. Bahati mbaya ni kwamba wenye miili ndio wenye besi. Mwalimu wa kwaya alipopiga noti ya kwanza na kusikia sauti tatu tu, aliuliza besi ziko wapi. "Zimeshika mbingu," nikamwambia. Akaamuru waimbie hukohuko. Basi kila kiitikio kilipofika, sauti nzito zikatoka juu ya Itweelele bila mwimbaji kuonekana, na akina mama wa upande wa kushoto wakafanya ishara ya msalaba.

Turudi kwenye msitu. Mabua ndiyo yaliyokuwepo. Tulikata marefu, tukayafunga mafungu, tukayasimamisha kwenye ndoo za mchanga, tukachomeka majani ya mikaratusi huku juu. Ukisimama mlangoni na kufumba jicho moja, ulikuwa msitu. Tukaulaza nyuma ya ukumbi ili usikanyagwe. Lakini huku kwetu, mavuno yakiisha, ng'ombe huachiwa mashamba wakale mabua. Ni utaratibu wanaoujua kuliko sisi tunavyojua ratiba zetu. Asubuhi ya zoezi la mwisho msitu ulikuwa umeliwa mpaka kwenye kamba. Zilibaki ndoo.

Tukamwita mwenye maksai. Alikuja na kofia mkononi, akatazama ndoo, akatutazama sisi.

"Mwalimu, ng'ombe atajuaje kwamba huu ni msitu? Mimi mwenyewe nimeona mabua."

Lakini ni mtu wa haki. Adhuhuri akaleta mabua ya shambani kwake, mkokoteni mzima, ukivutwa na walewale waliokula ya kwanza. Wakati tunashusha, wote wawili walikuwa wamegeuza shingo wanatazama. Tangu saa hiyo mpaka onyesho tuliweka mlinzi wa msitu, na mwekahazina akamwandika hivyohivyo kwenye hesabu, "mlinzi wa msitu," jambo lililotuletea maswali kwenye kikao cha mwisho wa mwaka.

Tanuru ndilo lililonitia uzee. Ufipa ilikuwa nchi ya wahunzi, na hata miaka ya 1930 walikuwepo waliokuwa bado wanayeyusha. Masalia ya matanuru, malungu kwa jina lake, yamesimama mashambani mpaka leo. Kwa hiyo hiki hakikuwa kitu cha kubuni, kila mtu ana babu aliyemwambia lilivyokuwa. Tulijenga kiunzi cha mabanzi, tukakivisha magunia, tukakandika udongo wa kichuguu. Likafika kifuani kwangu, nami nikaona linatosha. Tulikuwa kwenye mazoezi, kijana wetu wa sauti ya tenor amepiga magoti kwenye mivukuto ya ngozi ya mbuzi, anaimba na kuvukuta, ngoma inafuata mkono wake, pazuri kwelikweli, mzee mmoja wa jirani akaingia akiegemea fimbo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Ilungu, babu."

"La kuokea mikate?"

Akalizunguka. Akasema ilungu linamzidi mtu kimo, na kweli, yaliyopimwa na wataalamu yanafika karibu mita tatu. Akainama, akaonyesha kwa fimbo chini pande zote: huku ni matundu, huku matundu, huku matundu. Upepo unaingia wenyewe. Kisha akamgeukia kijana wetu, ambaye alikuwa bado amepiga magoti.

"Na wewe unafanya nini?"

"Navukuta, babu."

"Ilungu halivukutwi."

Nilimtazama mwalimu wa kwaya. Wimbo wa mivukuto ndio alioutunga kwanza, ndio uliokuwa na sauti nne zinazokimbizana, ndio aliokuwa akiuimba barabarani akienda sokoni. "Hata kidogo?" akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Mzee akamwonea huruma. Akaeleza kwamba chuma kikitoka kwenye ilungu kinakuwa bado kina uchafu, kinapelekwa kwenye tanuru jingine dogo, kintengwe, na huko ndiko kwenye mivukuto. Baadaye nilikuja kukuta hatua hizohizo mbili kwenye maandishi ya Profesa Bertram Mapunda, aliyechunguza masalia ya uhunzi wa Nkansi. Mzee hakuhitaji profesa, mimi ndiye niliyemhitaji, maana nilikuwa natafuta mtu wa kunitetea na sikumpata. Wimbo ukaokoka. Nami nikaambiwa nirefushe tanuru la kwanza na nijenge la pili.

Halafu mzee akakaa, akaomba maji, akatoa la mwisho. Ilungu ni bibi harusi. Wahunzi walilijenga, wakalipamba, wakalihesabu kuwa ni mke, na chuma ndicho mtoto wake. Padre Wyckaert, mmoja wa wale Mapadre Weupe, aliandika habari za wahunzi wa huku katika jarida la Anthropos mwaka 1914, kwa hiyo hata Kanisa lilikuwa limeshapata taarifa. Na kwa kuwa ilungu ni mke, mzee alisema, wanaolihudumia hawachanganyi mambo. Siku za kazi hawalali na wake zao. Akazungusha macho kwa mafundi wangu.

"Nani hapa ameoa karibuni?"

Seremala, aliyefunga ndoa Pasaka, aliomba ruhusa aende kununua misumari. Hakurudi siku ile. Nyufa zilizotokea kwenye udongo kesho yake, mimi najua zilitokana na kukauka haraka, na somo hilo nalifundisha kidato cha pili, ila kamati nzima ilimtazama seremala.

Kama ni bibi harusi, akasema mama mwenyekiti, basi apambwe. Ndipo tulipoenda kwa Mama Mapambo, na hapa ninyanyue kofia kidogo. Watu wanalalamika kwamba miji yetu haina wabunifu wa majukwaa. Wapo, wanapamba harusi. Mpambaji wa harusi ana vitambaa vya rangi zote, ana taa za kumetameta, maua ya plastiki, nguzo za kuigiza marumaru, zulia jekundu, na ana uwezo wa kuugeuza ukumbi wa mikutano ya ushirika kuwa ikulu kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana akiwa na vijana wawili na stepla. Hakuna chuo kinachofundisha spidi hiyo. Mama Mapambo alisikiliza habari za ilungu bila kushangaa hata chembe. Aliuliza swali moja: "Bibi harusi ana urefu gani?" Jioni ile tanuru la chuma la Wafipa likasimama mbele yetu, limefika kenchi, limevaa neti nyeupe na waridi za plastiki kiunoni. Mzee aliliangalia kwa muda mrefu.

"Sasa angalau ana heshima," akasema.

Moto wa kweli kamati iliukataa, na sikuwabishia. Jumba la maonyesho la chuo cha sanaa Bagamoyo, la watu waliosomea mambo haya, liliungua mwaka 2002. Sisi tulikuwa na neti, magunia na mabua. Badala ya moto tulimwingiza mtoto mmoja mdogo ndani ya ilungu akiwa na tochi na khanga nyekundu, apepee inapowaka. Mtoto alifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa. Lakini udongo wa kichuguu ukikauka ni vumbi, na katikati ya wimbo wa kuyeyusha, pale kwaya inaponyamaza ili chuma kizaliwe, bibi harusi akapiga chafya.

"Pole!" ukumbi ukaitikia kwa pamoja.

"Asante," likajibu ilungu.

Kiti cha enzi kilitoka kwa Mama Mapambo vilevile. Mzee alitaka kigoda, na kihistoria alikuwa sahihi, ila mwalimu wa kwaya alikuwa ameshakiona kile kiti cha maharusi: cha dhahabu, mgongo mrefu kupita kichwa cha mtu, mahameli mekundu, simba wawili kwenye mikono. Alisema mtu wa mstari wa mwisho hawezi kuona kigoda. Mama Mapambo akakubali bila malipo, kwa sharti moja tu. Jumamosi hiyohiyo ya onyesho kiti kilikuwa na harusi Kizwite. Vijana wake wangekuja kukichukua saa kumi kamili.

Kwa hesabu ya tangazo tulikuwa salama. Onyesho saa saba, saa tisa watu wako majumbani. Hesabu ya tangazo haikumjua mgeni rasmi. Alifika saa nane na nusu, akasalimia kila mtu, akaombwa neno fupi.

Kwa hiyo saa kumi kamili Mwene Ntatakwa ndiyo kwanza anatoka kwenda mawindoni. Ameaga, ameimba, amepotea kwenye mabua. Jukwaa liko tupu, kiti kinang'aa peke yake katikati, kwaya inaguna taratibu kwa midomo iliyofumbwa, na wanawake watatu wageni wamejipanga upande wa kushoto wakisubiri ngoma ya tatu. Ngoma ya pili ikapigwa. Mlango mkubwa ukafunguliwa. Wakaingia vijana wawili wa guta, mmoja na kizibao cha kung'aa, mwingine na kamba begani. Wakapita katikati ya watu wakisema samahani, samahani. Wakapanda jukwaani. Yule wa kizibao akaiangalia hadhira, akaona ni ustaarabu, akasema, "Habari za mchana." Ukumbi ukajibu nzuri. Wakakiinamia kiti.

"Shika huko. Geuza. Angalia simba."

Wakashuka nacho, wakatoka nacho, mlango ukajifunga nyuma yao. Kimya. Halafu makofi ambayo sijawahi kuyasikia katika ukumbi ule, watu wamesimama.

Mwalimu wa kwaya ni mtu ambaye hajawahi kuuacha wimbo njiani. Akazungusha mkono, kwaya ikaendelea kuguna. Ngoma ya tatu ikapigwa kwa sababu mpiga ngoma alikuwa amefumba macho. Wanawake watatu wakaingia na hatua zao za madaha, wakafika katikati, wakaduwaa. Mkubwa wao, mama muuza dagaa wa Kirando ambaye hatishwi na kitu, akaangaza huku na huku, akavuta ndoo ya mchanga iliyokuwa inashikilia msitu, akaling'oa bua, akaigeuza, akakaa. Akasema maneno yake kama yalivyoandikwa: kwamba kiti hiki tangu leo ni cha kwao. Hakuna aliyecheka. Alivyokikalia, kilikuwa kiti.

Kisha Mwene akarudi, na upinde, na mbuzi wa ngozi begani. Yeye alikuwa nyuma ya mabua muda wote, hakuona kitu. "Kiti changu kiko wapi?" akanguruma, kama alivyofundishwa.

"Kimekwenda harusini Kizwite!" akajibiwa kutoka kona ya nyuma. "Kimepita hapa sasa hivi!"

"Wahi, Mwene, hawajafika Mazwi!"

Wengine hawakusema, walinyoosha tu vidole mlangoni. Mwene wetu kwa kazi zake za kila siku ni dalali wa mahindi, na dalali hagandi. Akamtazama mama aliye juu ya ndoo. Akatazama mlango. Akashuka, upinde mkononi, akatoka nje mbio, na kwaya, bila kuambiwa, ikaingia na wimbo wa huzuni. Waliuimba wote, wakaurudia, besi zikajibu kutoka mbinguni. Mlango ukafunguka. Mwene akaingia taratibu akiwa amebeba kiti cheupe cha plastiki, kile cha mlinzi wa getini. Akakipeleka pembeni kabisa mwa jukwaa, upande usio na ukuta, akakitua, akakaa, akakunja mikono. Hiyo ndiyo Milansi aliyoachiwa.

Mzee alinisubiri nje baada ya onyesho. Sikumwuliza kitu. "Pale pa kiti mmecheza vizuri," akasema. "Yale mengine ni makelele." Mama Mapambo yeye alinipigia simu Jumapili kunieleza kwamba bibi harusi wa Kizwite alitoka kwenye kiti na vumbi la kichuguu kwenye shela, na kwamba mama mzaa bwana harusi alitaka kujua maana yake.

Sasa tuko kwenye maandalizi ya mwaka huu, na mwalimu wa kwaya amehama kutoka nchi kavu kwenda majini. Anataka MV Liemba. Nimejaribu kumkumbusha ukubwa wa kazi kwa kutumia historia yenyewe: meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kuitwa Graf von Götzen. Hao ni Wajerumani, na walikuwa na reli. Mimi nina guta la kukodi, na katoni za sabuni ninazoahidiwa na wenye maduka wa Soko Kuu, ambao nao wameshaanza kuniuliza watakaa mstari wa ngapi. Akasema masanduku 5,000 hayahitajiki, upande mmoja tu unatosha, na mlingoti. Besi zitakuwa mawimbi.

Nikaanza kuandika. Mabanzi, mirunda kama fundi ameshamwaga zege, viroba. Akasubiri nimalize.

"Na mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe," akasema.

"Najua. Ikaibuliwa 1924."

"Basi nataka izame. Watu waione ikizama. Halafu baada ya mapumziko iibuke."

"Izame wapi, Mwalimu? Pale chini ni sakafu ya saruji."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."